Maegesho ya Hitler, mjusi wa Lindi na ziara ya bure

Katikati ya Berlin kuna maegesho ya magari yasiyo na lolote la maana: changarawe, magari ya wapangaji, miti michache, na maghorofa ya zege yaliyojengwa miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki. Ukipita hapo saa tano asubuhi, siku isiyo na mvua, utakuta makundi manne au matano, kila kundi limemzunguka mtu mwenye mwavuli wa rangi, na wote wameinamisha vichwa. Wanatazama changarawe. Chini yake ndipo lilipokuwa handaki ambamo Adolf Hitler alijiua tarehe 30 Aprili 1945. Hata kibao cha maelezo hakikuwapo hadi mwaka 2006, Kombe la Dunia lilipokaribia na mji ukajua wageni watauliza.

Nilisimama hapo Mei 2025, nikainamisha kichwa kama wenzangu. Muongozaji wetu, kijana wa Kiskoti mwenye sauti ya kuhubiria, alitumia robo saa nzima: sumu, bastola, madumu ya petroli, Warusi wamebakiza mitaa michache kufika. Tulikuwa watu 28 na hakuna aliyekohoa. Nina uhakika na idadi kwa sababu mwanzo wa ziara, mbele ya lango la Brandenburg, tulipigwa picha ya pamoja tukahesabiwa, na baadaye ndipo nilipojua picha ile ilikuwa ya kazi gani.

Tukaondoka kuelekea mtaa wa Wilhelmstraße. Hazikupita dakika tano nikaona kibao kingine, kimesimama peke yake kando ya njia ya miguu. Kilichonisimamisha ni neno Afrika. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, na ndani ya jumba hilo, kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ndipo mabwana wa Ulaya, pamoja na wajumbe wa Marekani na dola ya Uturuki, walipokaa kuzungumza juu ya Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Mkutano wa Berlin. Ule tuliokariri shuleni, mwaka na yote, bila kujua una anwani. Mwavuli ulikuwa umeshafika mbali. Muongozaji hakusimama, hakunyoosha hata kidole.

Waliosimama nami walikuwa watatu: dada mmoja wa Kikolombia, kijana wa Kikorea anayesoma usanifu majengo, na mzee wa Kireno, mwalimu wa historia aliyestaafu, ambaye goti lilikuwa likimsumbua na nadhani alitafuta tu sababu ya kupumzika. Mpaka dakika ile tulikuwa hatujaulizana majina. Ndio waliokuja kuwa rafiki zangu wa Berlin, na ndio walionifanya niandike makala haya.

Njia ya ziara ni hoja. Ni jambo ambalo mtu hulisahau kwa sababu unapotembea huoni kama unasomewa kitu. Unaona mji umelala hapo na wewe unaupita. Lakini mtu amekaa chini akaamua tusimame wapi robo saa na wapi tupite tukitazama taa za barabarani. Gazeti lina mhariri, na ziara nayo ina wake. Sasa mhariri wa ziara ya bure ni nani?

Ni bahashishi. Mtindo huu wa kutembeza watu bila kiingilio umeenea Ulaya nzima, na Berlin ni mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Hulipi mwanzo, mwisho unatoa ulichojaaliwa. Sauti yake ni ya ukarimu. Ila kwenye kampuni nyingi za namna hii muongozaji si mwajiriwa. Anajitegemea, na yeye ndiye anayeilipa kampuni kiasi fulani kwa kila kichwa alichokabidhiwa, ukimpa bahashishi usimpe. Ndiyo ile picha ya pamoja: ni risiti. Ukichomoka katikati ya ziara ukaenda kunywa kahawa zako, umemwachia deni. Kwa hiyo mtu yule ana saa mbili na nusu za kuhakikisha watu 28 wasiofahamiana, waliotoka nchi kumi na zaidi, wanafika mwisho wakiwa wameridhika, hawajachoka sana, hawajachukizwa, na wana noti mkononi. Sarafu hazimfikishi popote.

Ukimwelewa hivyo, njia yake unaielewa pia. Hitler anauza. Ukuta wa Berlin unauza. Checkpoint Charlie, palipokuwa mahali pa kuvukia Ukuta huo, sasa kibanda kipya kilichowekwa mahali pa kile cha zamani, kinauza hadi kinatia aibu. Mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, nguzo 2,711 za zege za Peter Eisenman, hauuzi kwa maana hiyo, lakini hakuna anayethubutu kuupita, na ni haki. Ila mkutano wa mwaka 1884? Uhadithie kwa kundi ambalo nusu yake wazazi wa babu zao waliwakilishwa mezani, huku mvua inatishia na mtoto wa mtu anataka choo? Kijana wa Kiskoti si mbaya. Amepiga hesabu. Na choo cha Berlin kinalipiwa, jambo ambalo mtu wa Lindi halizoei upesi.

Niseme pia kwamba sikukaa nikamlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na makosa yangu, na yalitoka hadharani saa moja baadaye. Ziara ilipokwisha tulikaa mkahawani wanne sisi, nami nikaanza kuwahubiria: pale ndipo walipoikata Afrika kwa rula kama keki. Mzee wa Kireno akanisikiliza mpaka mwisho, akakoroga kahawa yake, kisha akaniuliza taratibu ni mpaka gani wa nchi yangu uliochorwa kwenye kikao kile. Sikuwa na jibu. Mkutano wenyewe, akasema, ulihusika zaidi na Kongo, mto Niger na biashara, na kuweka kanuni ya namna dola itakavyotangaza kwamba pwani fulani ni yake. Rula zilikuja baadaye, wawili wawili, faraghani: Waingereza na Wajerumani walipatana mwaka 1886, wakarudi tena mwaka 1890, mkataba ule wa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland.

Lakini akaongeza jambo ambalo sikufundishwa shuleni, au nililala siku hiyo. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Tarehe 27, siku moja tu baadaye, Kaisari alitia saini hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, juu ya mikataba aliyokwenda kuwekesha alama wakuu wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami miezi michache kabla. Yaani walisubiri wageni waage. Mreno ndiye aliyenieleza mwanzo wa nchi yangu, na alinieleza bila kujitapa, akikumbusha kwamba watu wake nao walikuwa mezani na walikuwa na ramani yao. Iliniuma kidogo. Sijui kama ningeikubali kutoka kwa muongozaji mwenye mwavuli.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kutembea na marafiki wapya mji wa ugenini, na siyo pale vitabu vya utalii vinapoiweka. Wanasema utapata kampani, utapunguza gharama, utapata wa kukupiga picha. Sawa. Ila rafiki mpya ana sifa moja ambayo rafiki wa zamani hana: hajui la kutokuuliza. Rafiki zangu wa nyumbani hawataniuliza Maji Maji ilikuwa nini. Wanadhani najua, nami nadhani najua, tunaendelea kunywa chai. Mkolombia aliuliza. Nikagundua kwamba ninachojua ni mstari mmoja na nusu.

Kesho yake tukachora njia yetu. Hakukuwa na mwavuli. Tulianzia Rosenthaler Platz, tukapanda Brunnenstraße hatua chache hadi namba 193, tukaanza kutafuta chini. Kuna vijiwe vya shaba Ulaya nzima, kila kimoja kama sentimita kumi kwa kumi, vilivyopachikwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba walizokaa watu kabla Wanazi hawajawachukua. Msanii Gunter Demnig alivianzisha miaka ya 1990, na sasa vimezidi laki moja. Hiki tulichokitafuta kilikuwa kimefifia, rangi ya sarafu ya zamani. Mkorea akapiga goti, akatoa kitambaa cha kufutia miwani, akasugua. Jina likajitokeza polepole: Mahjub bin Adam Mohamed.

Mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye akawa askari mtoto kwenye vita kuu ya kwanza. Mwaka 1929 akaja Berlin, akiwa mhudumu wa meli, kudai mshahara wao ambao haukulipwa. Hakulipwa. Akabaki. Akahudumu mezani kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza mapichani nafasi za boi na mbeba mizigo. Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Wajerumani wanamwita Bayume Mohamed Husen.

Nilisoma jina kwa sauti na Mkolombia akaniomba nilirudie. Kwa masikio yake ni jina la ajabu. Kwangu ni jina la mtu wa Kariakoo, la fundi cherehani, la mjomba. Watu walipita wakitukwepa, mmoja na baiskeli akapiga kengele kwa hasira kwa sababu tulikuwa tumeziba njia. Ni mita mia chache kutoka mitaa ambayo makundi ya miavuli huvuka kila siku.

Tukashika Invalidenstraße, kwa miguu, mwendo wa nusu saa kwa goti la mzee, tukapita Nordbahnhof hadi jumba la makumbusho ya viumbe. Hili lilikuwa ombi la wenzangu. Walikuwa wameona picha za dinosaria na hawakujua kwamba mwenyewe mwenye mjusi wanaye kiganjani. Mimi ni mtu wa Lindi. Yule mnyama anayesimama mlangoni, kimo cha mita 13 na ushei, mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa juu kuliko yote duniani, alichimbwa kilima cha Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka miwili tu baada ya Maji Maji kuzimwa na nyika ya kusini kubaki na njaa na makaburi. Kiasi cha tani 230 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wataalamu wa Kijerumani walimtegemea kwa mengi.

Nyumbani tunamwita mjusi. Wabunge wa kusini wamemdai bungeni zaidi ya mara moja, na majibu ya serikali yamekuwa yaleyale, kwamba gharama ya kumrudisha na kumtunza ni kubwa. Nilisimama chini ya mbavu zake. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni wamwone vizuri. Nikatafuta neno Tendaguru kwenye maandishi, nikaliona, nikafurahi kama mtu aliyeona jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kisha Mkorea akauliza swali lake la kawaida, la kistaarabu kabisa: Tendaguru kwenyewe pakoje? Nikasema sijawahi kufika. Kutoka Lindi mjini ni kilomita 60 hivi. Kutoka Lindi hadi Berlin sitaki hata kuzihesabu.

Acheni niingize neno hapa kuhusu viza. Kati ya sisi wanne, niliyetakiwa kuwasilisha ratiba ya siku kwa siku kabla ya kuondoka nyumbani ni mimi peke yangu. Mreno yuko kwao, Mkorea na Mkolombia wanaingia na pasi tu. Ratiba yangu niliiandika vizuri, hoteli, makumbusho, saa na kila kitu, na haikuwa na Brunnenstraße. Ndiyo maana simlaumu mwenzangu wa Afrika Mashariki anayefika Ulaya akakimbilia lango, mnara, picha, basi. Mtu aliyelazimika kueleza mapema kila anakotaka kwenda hujizoeza kutaka mambo yanayoelezeka mapema.

Mwenda bure si mkaa bure, wahenga walisema, na hawakuwa wamekutana na kampuni za utalii. Kwenye treni ya chini ya ardhi ya mstari wa U6, kutoka makumbusho hadi kituo cha Afrikanische Straße, nilijaribu kuwatafsiria methali hii, nikashindwa, tukacheka. Kituo kile ndicho mlango wa mtaa wanaouita wa Kiafrika, upande wa Wedding. Barabara za kwanza zilipewa majina ya Togo na Kameruni mwaka 1899, kisha nyingine zikafuata: Usambara, Tanga, Uganda, Kongo. Kuna hata Sansibarstraße, ingawa Zanzibar haikuwa koloni la Wajerumani hata siku moja. Mkorea hakuwa na habari na hayo. Alituacha dakika kumi akaenda kupiga picha nyumba za msanifu majengo Mies van der Rohe zilizoko hapohapo, za miaka ya 1920, ambazo mimi ningezipita nikidhani ni za shirika la nyumba.

Tulichokuja kukiona ni bango la barabara. Mwaka 1939 Wanazi walimpa Carl Peters barabara hapa, Petersallee. Ni yuleyule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu, aliyenyonga watu Kilimanjaro hadi serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Mwaka 1986, lawama zilipozidi, mji ulitafuta njia ya mkato: ukatangaza kwamba jina sasa linamkumbuka Peters mwingine, Hans, mwanasheria. Bango halikubadilika hata herufi. Ilichukua hadi Agosti 2024 na wanaharakati wengi, Waafrika na Wajerumani, kabla barabara haijagawanywa vipande viwili, kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke shujaa wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.

Kwa hiyo nilisimama kona ya mtaa wa makazi, bibi mmoja anamvuta mbwa, kijana anashusha vifurushi kwenye gari, na juu ya nguzo pameandikwa Maji-Maji. Neno la kwetu, neno la mganga Kinjekitile wa Ngarambe, kwa herufi za Kijerumani. Mkolombia akataka nimweleze, na safari hii nikaeleza kwa dakika ishirini, kwa sababu usiku wake nilikuwa nimekesha nasoma kwenye simu. Niliwaambia kuhusu maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi, kuhusu Songea Mbano, nduna wa Wangoni, kuhusu njaa iliyotengenezwa makusudi kwa kuchoma mashamba, kuhusu makadirio yanayofika vifo laki tatu. Na kwamba Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda mwenyewe Songea kuomba msamaha. Mzee wa Kireno akauliza kama ulipokelewa. Nikasema inategemea unamuuliza nani.

Zipo ziara za kulipia zinazopita njia hii, na ukifika Berlin ulipe, usitafute ya bure. Mzee Mnyaka Sururu Mboro, Mtanzania kutoka Kilimanjaro, ametembeza watu mitaa hii miaka mingi, huku akitafuta kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Tofauti ya bei ni tofauti ya uhariri: aliyelipwa mapema anaweza kukuudhi. Lakini sitajidai kwamba sisi wanne tulitembea bora kuliko angetutembeza yeye. Tulipotea mara mbili. Na urafiki wa siku tatu una mipaka. Kuna mambo ya Bogotá ambayo dada yule hakutaka kuyagusa, nasi hatukuyagusa. Siku ya mwisho Mkorea alitupeleka Moabit kuona sanamu ya shaba ya msichana aliyeketi kwenye kiti, na pembeni yake kiti kitupu, kumbukumbu ya wanawake waliotiwa utumwani na jeshi la Japani. Alikaa kwenye kiti kile muda mrefu bila kusema kitu. Hatukuuliza. Oktoba mwaka huohuo sanamu iliondolewa pale mtaani, na alitutumia picha ya mahali palipobaki.

Kundi letu la WhatsApp bado lipo. Agosti, Wajerumani walipofuta jina la aibu la Mohrenstraße, lenye neno la zamani la kuwadharau watu weusi, karibu kabisa na ule mtaa wa Bismarck, wakaiita kwa jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa wa Kiafrika wa karne ya 18, mzee wa Kireno ndiye aliyetuletea habari, na nukta tatu za mshangao. Wiki iliyopita Mkolombia kauliza kama Lindi kuna ziara za kutembea, kwa sababu amepata likizo mwezi wa sita na mzee goti limepona. Nimejibu zipo. Kisha nimempigia binamu yangu aliyeko Mipingo kumuuliza kama barabara ya Tendaguru inapitika mwezi huo, na kama kuna mzee yeyote kule ambaye bado anakumbuka mifupa ilibebwa kwa njia ipi. Amecheka kwanza. Amesema ataulizia.